Nani Atashika Tochi: Safari ya Kuchagua Gari la Kujiundia

Tuliondoka kwa sababu ya tochi. Naanza hapo kwa kuwa ninyi mlioko nyumbani mtauliza: mtu mzima, ana kazi yake nzuri ya kompyuta pale Arlington, anatafuta nini kwenye maghala ya wauza vyuma Jumamosi nzima?

Binti yangu Neema ana miaka kumi na sita. Amezaliwa huku Marekani. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake humu nimeyageuza mwenyewe. Siku moja aliniambia anataka tujenge gari. Si kununua, kujenga! Huku kuna wauzaji wanaokupa chasisi mpya, bodi na makasha ya vipande, nawe unaleta gari kuukuu, lile mafundi wetu wanaloliita gari la kuchinja. Unalitoa injini, gia, usukani na breki, unavihamishia kwenye lile jipya. Nilifurahi nusura niruke. Nikamwambia, "Vizuri sana, mwanangu! Mimi nitafunga, wewe utanishikia tochi."

Akaniangalia. "Basi sitaki," akasema, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake.

Wengi wenu mnaijua tochi ya baba. Marehemu baba yangu alikuwa na pikapu pale Morogoro, na mimi ndiye niliyemmulikia tangu nina miaka saba mpaka nakwenda chuo. "Mulika hapa! Hapa! Unamulika wapi wewe?" Miaka yote hiyo sikufunga hata nati moja. Mimi nikadhani ndiyo malezi yenyewe.

Aliyenizindua ni mke wangu, Mama Neema, Mkenya wa Nyeri ambaye hazungushi maneno. "Huyu mtoto amebakisha miaka miwili aende chuo," akaniambia. "Mwenyewe amekuja kukuomba mkae pamoja. Ukimpoteza juu ya tochi, usinililie mimi." Nikaenda kugonga mlango wa Neema. Nikaahidi kwamba tutachagua pamoja na kujenga pamoja, na hakuna wa kushikishwa tochi. Akajibu neno moja tu: "Tutaona."

Saa mbili asubuhi, nyumbani kwetu Bowie, Maryland. Mama Neema alitufungia chapati kumi na mbili na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi. "Watu wawili, chapati kumi na mbili?" nikauliza. "Wewe nenda," akasema, "na usiniletee vyuma hapa kabla mtoto hajakubali." Neema alikuwa na daftari lake la kijani lenye maswali aliyoyaandika kwa wiki mbili. Nilijaribu kuchungulia, akalifunga.

Tulishika barabara ya 50 mpaka mjini, tukakata katikati ya Washington, tukavuka mto Potomac. Arlington nilimwonyesha dirisha la ofisi yangu, ghorofa ya sita. "Ulishanionyesha, Baba," akasema, lakini alitazama. Nikahesabu hiyo ni dalili njema.

Saa nne kasoro, nje kidogo ya Manassas, Virginia. Muuzaji wa kwanza tutamwita Bwana Walter, mzee mrefu wa ndevu nyeupe, mikono imejaa makovu ya kazi. Ghala lake lilikuwa safi kuliko jiko la watu wengi. Nikaanza kama nilivyolelewa: salamu, habari za familia, habari za barabara, pole na kazi. Neema alikuwa amesimama pembeni yangu, daftari limefunguliwa, kalamu iko tayari. Bwana Walter alijibu salamu zangu zote kwa uvumilivu, kisha akatupeleka uani.

Loo! Jamani, gari lile! Jekundu, la watu wawili, chini chini hivi, halina paa. "Jaribu kukaa," akasema. Sikungoja kuambiwa mara ya pili. Nikazunguka, nikafungua mlango, nikateremka kwenye kiti. Kiwiko cha kulia kikatulia mlangoni, mkono wa kushoto ukaenda kwenye gia wenyewe. Miaka ishirini naendesha magari ya huku na sijawahi kukaa nikajisikia niko nyumbani namna ile. Nilikuwa Morogoro, nateremka kutoka Kola na pikapu ya baba.

"Hili hapa lina seti yake kamili ya vipande ghalani, imeshafika," Bwana Walter akasema. "Ukitaka, unaondoka nayo mwezi huu."

"Baba," Neema akaanza, "subiri kidogo, hili..."

"Neema," nikamwambia kwa Kiswahili, ile sauti ya mbele ya wageni, "acha wakubwa wamalize."

Ilinitoka tu. Ndivyo nilivyoambiwa mimi, na baba yangu vivyo hivyo. Neema akafunga daftari. Hakununa, hakujibu, alinyamaza tu kama alivyoamriwa. Mimi huyo, ndani na Bwana Walter, fomu ya kuagiza mezani, kalamu mkononi, najieleza kwamba gari letu la kuchinja ni Mjapani mdogo wa milango miwili aliyelala gereji kwetu.

Bwana Walter, kwa adabu, akamgeukia Neema kupitia mlango ulio wazi. "Na wewe, binti, hutaki kukaa?"

Akaenda. Alifungua mlango wa kushoto, akakaa, akajifunga mkanda. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele yake na kushika hewa. Akaishika vizuri kabisa, kama alivyofundishwa kwenye masomo yake ya udereva, akaanza kukata kona akinitazama mimi usoni.

Nikatazama mikono yake. Nikatazama usukani, uliokuwa kulia, upande ule ule nilioukalia mimi bila kuuliza. Kalamu ikanidondoka.

Ninyi mnaosoma huko nyumbani mngeona kosa gani? Hata mimi sikuliona! Usukani wa kulia kwetu ndio usukani. Lakini huku magari yote yana usukani kushoto, na Mjapani wetu wa gereji ni wa huku huku. Bwana Walter alicheka mpaka akashika meza. "Hilo lilitoka Uingereza," akasema. "Uliingia upande ule bila kuuliza chochote, nikajua ndilo ulilokuja kulitafuta." Akaeleza kwamba huku linaruhusiwa barabarani, ila usukani na pedali za gari letu havingeingia humo hata kidogo. Seti ya usukani wa kushoto anayo vilevile, ila ni ya kuagiza na kungoja.

Niliaga haraka. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Ndani ya gari nilikaa bila kuwasha. Mnajua sisi baba kumwambia mtoto samahani ni kitu kigumu. Tutamnunulia soda, tutamuuliza kama amekula, lakini neno lenyewe halitoki. Nikalitoa. "Samahani, mwanangu. Uliona, nikakunyamazisha." Akajifunga mkanda. "Ulifurahi sana pale kitini," akasema. "Nilikuwa karibu nikuache." Kisha akacheka, nami nikacheka, na hapo ndipo nikawasha gari.

Saa saba mchana, Frederick, Maryland. Tulipanda barabara ya 15, tukaivuka Potomac tena pale inapopita kati ya vilima. Njiani tuliwekeana sharti: kwa muuzaji wa pili anayeuliza ni Neema. Mimi nikae kwenye kiti nifunge mdomo.

Muuzaji wa pili, Bi Carol, ni mama mnene mwenye ovaroli ya buluu. Nilimkaribisha chapati, akala tatu, akaomba na chai. Nikajisemea moyoni, huyu ndiye! Mtu anayekula chapati yako huku ameegemea chasisi, huyo ni mtu wa kufanya naye kazi.

Neema akafungua daftari. Jamani, laiti mngekuwepo! Aliuliza nini hakimo kwenye makasha, Bi Carol akajibu nyaya za umeme na kioo cha mbele. Aliuliza tukikwama Jumamosi nani anapokea simu. Aliomba kuzungumza na mtu aliyewahi kumaliza kulijenga, si aliyelianza tu. Aliinama chini ya chasisi na kuuliza mbona vipande vile havina matundu ya bolti. "Hivyo ni vya kuchomelea," Bi Carol akasema. "Sikufichi, binti, mtahitaji mtu anayejua." Neema akaandika. Mimi kwenye kiti nimevimba kwa fahari, nauma ulimi. Mara moja tu ulinishinda.

"Kuchomelea nitajifunza!" nikasema.

Neema akanigeukia. Nikafunga mdomo.

Tulipokuwa tunatoka Bi Carol aliniambia, "Kwa miaka yangu yote hapa, wachache sana wameniuliza vizuri hivi." Nilikuwa tayari kulinunua lile ghala zima.

Saa tisa, mahali pa kuegesha magari nje ya Frederick. Tulikula chapati zilizobaki juu ya boneti. Nikamwambia, "Basi, si tumeshampata? Bi Carol!"

"Hapana," Neema akasema. "Bwana Walter. Seti yake ya usukani wa kushoto."

Nilipaliwa na chai. Turudi kwa Walter? Kwa yule aliyenicheka mpaka akashika meza? Nikamweleza ukarimu wa Bi Carol, jinsi alivyokula nasi, jinsi alivyomsifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, wewe unachagua mtu. Mimi nachagua gari." Akanisomea daftari. Chasisi ya Walter ni ya bolti tupu, na sisi hatujui kuchomelea. Nyaya zimo. Kitabu chake cha maelekezo aliupiga picha ukurasa mmoja wakati mimi nasalimia, na aliuelewa wote. "Ya Bi Carol ni nzuri zaidi," akamalizia, "lakini tutaishia kumwita fundi aje achomelee. Sisi tutasimama tukimshikia tochi. Wote wawili."

Nilikuwa na la kujibu. Baba hakosi la kujibu. Lakini nilikumbuka ile "Tutaona" yake ya mlangoni, nikajua kwamba hapa ndipo anapoona. Nikampa simu yangu. "Mpigie Bwana Walter. Jina la mwagizaji, andikisha lako."

Alizungumza naye dakika ishirini akizunguka gari letu, mkono mmoja mfukoni kama meneja. Nilimsikia akisema, "Hapana, baba yangu hajambo, ameona aibu tu." Mtoto wa siku hizi!

Saa kumi na mbili jioni, Bowie, jua bado lipo. Mama Neema alitupokea mlangoni, akatazama uso wangu, kisha wa Neema. "Nani alichagua?" akauliza. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaichukua chupa tupu ya chai, akaingia ndani akiimba.

Wiki saba baadaye makasha yalifika, kumi na moja, yote yana jina la Neema. Nilikwenda Manassas nikifikiri nachagua muuzaji, kumbe ninayechaguliwa ni mimi. Bwana Walter, Bi Carol, wote walikuwa wazuri. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye majaribio siku nzima, na kwa neema ya Mungu nilipita, kwa shida.

Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, Neema alikuwa chalichali chini ya Mjapani wetu akifungua bolti za usukani. Buti zake, ambazo dukani nilimkataza asizinunue, zilikuwa zimechomoza nje. Nilikuwa nachagua spana ili nami niingie upande wa pili. Mkono wake mweusi kwa grisi ukatokea chini ya mlango, umeshika tochi, unanipa.

"Baba, mulika hapa," akasema, kwa Kiswahili. Nikapiga magoti sakafuni, nikamulika.

"Hapa! Unamulika wapi wewe?"

Maneno hayo nilikuwa nimemsimulia mara moja tu. Nikaisogeza tochi pale alipotaka, nikaishika kwa mikono miwili ili isitikisike.