Asumini na Sheria ya Pamba

Kwetu Nkololo mmea ulikuwa na kazi mbili, kuliwa au kuuzwa. Kwa hiyo jirani yangu aliponipa tawi la asumini nililishika kama mtu aliyepewa mtoto wa kuazima. Jirani huyo anauza vitenge hapa Bariadi, ni mzaliwa wa Tanga, na kila Ijumaa hutoka na kikuba cha maua hayo kifuani. Alisema nilipande karibu na dirisha, nikirudi kutoka kazini nipokewe na harufu. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hukubali mambo mengi.

Uchovu wenyewe ulikuwa mama. Alianza kusahau, akawa anapotea njia ya kisimani aliyoipita tangu anaolewa. Ndugu zangu wakakubaliana kwa simu kwamba aje akae kwangu, eti mimi sina mume na nyumba ina nafasi. Mimi niliambiwa tu siku ya kumpokea.

Asumini nayo haikunionea huruma. Majani yaligeuka manjano, nikaongeza maji, yakazidi kuwa manjano. Jirani alichimba kwa kidole, akacheka, akaniambia ninaizamisha. Udongo wetu mweusi ukishashika maji hauachii. Ikabidi niinue tuta la mchanga na samadi iliyooza, niipande upya. Halafu wakaja vidukari, wamejipanga kwenye machipukizi. Mimi binti wa mkulima wa pamba nikawaza mara moja kutafuta bomba na dawa ya pamba. Jirani akanikataza, akasema maji ya sabuni na kitambaa vinatosha. Jumapili nzima nilifuta jani mojamoja, chini na juu, huku mama akiniuliza kila mara kama ng'ombe wamerudi. Ng'ombe tuliwauza zamani. Mwanzoni nilikuwa namweleza. Baadaye nikawa najibu kwamba wamerudi wote.

Mwaka wa kwanza sikuona ua hata moja. Jirani alisema nimeishibisha samadi, halafu nimeiweka kivulini. Nikaacha samadi, nikapunguza matawi ya mwarobaini uliokuwa ukiikinga jua. Mwaka wa pili ikachanua, maua machache tu, meupe, madogo kuliko nilivyotarajia. Ofisi yangu iko Lagangabilili, na jioni nikishafika nyumbani nilikuwa nasimama pale dirishani dakika tano kabla ya kuingia. Ndani kulikuwa na shuka za kufua na mama wa kulisha. Dakika zile tano zilikuwa zangu, na sioni aibu kusema kwamba mwaka ule nilizipenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote.

Kiangazi kilipofika jirani alinishauri niikate fupi, ili mvua zikianza itoe matawi mapya na kujaa maua. Niliikata hadi usawa wa goti. Vilibaki vijiti vitupu.

Siku ya tatu nilirudi nikakuta moshi uani. Dada anayenisaidia kazi alikuwa ameenda mashineni kusaga. Ndoo zote mbili za maji zilikuwa tupu, tuta limeloweshwa na kufumuliwa, na mama ameketi kwenye kigoda kando ya majivu, viganja vimechubuka, tope hadi viwikoni. Jembe lilikuwa miguuni pake.

Nilimfokea. Sikuwahi kumfokea mama yangu, lakini siku ile nilimwambia ameharibu kitu pekee nilichobaki nacho. Nikamwambia jina langu halikumbuki, ila kuharibu anakumbuka. Maneno hayo bado yananichoma.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akanieleza kwa Kisukuma, polepole, kama anavyoelezwa mtoto mgumu wa kuelewa.

"Bwana shamba akipita akakuta miti ya pamba imesimama, atakupiga faini. Nimeona umechoka, nikakumalizia."

Ndipo nikaelewa. Kwetu mavuno ya pamba yakiisha, miti yake hung'olewa yote na kuchomwa, wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Ni sheria, na mama aliitii maisha yake yote. Aliona vijiti vikavu mbele ya nyumba ya binti yake, akaogopa nitaaibishwa. Akamwaga maji kulainisha tuta, akang'oa, akachoma. Alifanya kazi ya siku nzima katika umri ule, na aliifanya sawasawa, hata mzizi mmoja hakuacha.

Tangu alipokuja kwangu, ndugu zangu walikuwa wakipiga simu kuuliza kama mama amekula, kama amelala, kama dawa zake zipo. Hakuna aliyewahi kuniambia nimechoka. Aliyeliona ni yeye.

Sasa alikuwa ananitazama, anasubiri. Nilijua anasubiri nini, maana kwetu mtu akikusaidia shambani huwezi kumwacha aondoke bila neno la shukrani. Nilitazama majivu, nikatazama viganja vyake.

"Wabeja, mayu," nilisema. Asante, mama.

Akaitikia kwa kichwa, akasogeza jembe kando, akapigapiga ardhi karibu na kigoda chake. Akaniambia niketi, kazi imekwisha. Nikaketi na mkoba wangu wa ofisini begani, na siku ile chakula cha jioni kilichelewa.