Kitanda Ndani ya Lori la Nondo

Pale Sirari, ambako watu hubadilisha fedha na ukweli kwa kasi ileile, inasimuliwa kwamba Nelson Waitara wa Nyamwaga alimfungia mama mkwe wake ndani ya lori. Wanaosema hivyo hawakuwepo. Mama mkwe alipanda mwenyewe, kwa miguu yake, tena akiwa na viatu vya kisigino. Ukoo wa Waitara una watu wa kila namna, wakiwemo wavivu wawili watatu ambao hakuna haja ya kuwataja, lakini haujatoa mtu wa kumkosea adabu mkwe. Basi jambo lenyewe lisimuliwe lilivyokuwa.

Nelson ni dereva wa lori. Sentensi hiyo ni fupi na haina aibu ndani yake, lakini tangu aoe ilikuwa haijawahi kutamkwa ukweni kwake Issenye. Mkewe, Irine, ni binti wa marehemu Mwalimu Stanslaus. Mama yake Irine, Mama Efrazia, ni mwalimu mkuu mstaafu, anayejua Kiswahili sanifu, Kiingereza cha wamisionari na makosa ya kila mtu kijijini. Siku ya harusi mshereheshaji alinong'onezwa sikioni, akatangaza kwamba bwana harusi ni afisa usafirishaji wa bandarini. Watu wakapiga makofi. Nelson, ndani ya suti ya kuazima, aligeuka kumtazama huyo afisa ameingilia mlango upi.

Ng'ombe wa mahari walipokelewa, tena kwa nyimbo. Hakuna aliyewauliza ng'ombe kama wamepatikana kwa uafisa au kwa usukani.

Tangu hapo Nelson akawa afisa kila alipokanyaga Issenye. Kwenye misiba aliwekewa kiti cha mbele. Wazee walimvuta pembeni wamwombe awatilie vijana wao neno kwa wakubwa wenzake, naye mkubwa pekee aliyemfahamu bandarini alikuwa mlinzi wa geti, ambaye humwita "wewe, rudisha gari nyuma." Hakutaka makubwa. Alitaka siku moja aitwe dereva mbele ya wakwe zake, ale ugali wao akiwa yeye mwenyewe.

"Mwambie mama yako," alimwambia Irine.

"Utamuua mama."

"Kwa neno moja?"

"Mama ameshazimia kwa maneno madogo kuliko hilo."

Na kazi yenyewe si ya kuificha. Nelson alianza kama utingo wa malori yanayovuka mpaka kwenda Isebania, akajifunza usukani kwa madereva waliokuwa wanamtukana kuanzia mpakani mpaka Tarime, na leo anabeba nondo zinazoshushwa melini Dar es Salaam hadi huku kwetu. Nondo ni mzigo mtulivu. Hazivuji, hazivunjiki, hazinyeshewi zikaganda kama saruji. Zina tabia moja tu: dereva akikanyaga breki kwa hasira, zenyewe hazina habari kwamba safari imesimama. Zinateleza kwenda mbele, na mbele yake kuna kibanda cha dereva na dereva mwenyewe. Ndiyo maana mtu wa nondo huona kila kitu mapema: ng'ombe, mtoto, shimo, askari wa barabarani. Wasomi wangeliita jambo hilo ustadi. Nelson huliita kupenda kuishi.

Sasa, karibu na Issenye kuna mto ambao kila masika huwatenga watu na zahanati yao, na kila uchaguzi huahidiwa daraja. Safari hii daraja likaanza kweli. Wananchi walikuwa wameonyeshwa michoro mingi mno, hata wakaamua kwamba siku chuma chenyewe kitakapofika, kitapokelewa kwa ngoma. Ikaundwa kamati ya mapokezi, na mwenyekiti wake, hapana haja ya kuuliza, Mama Efrazia. Lori lililopangiwa kuleta nondo hizo lilikuwa la Nelson.

Asubuhi ya siku hiyo Mama Efrazia alikwenda Bunda kuchukua gauni kwa fundi. Wakati wa kurudi, gari la Noah alilolikodi likakohoa katikati ya pori, likatoa moshi na kunyamaza. Bodaboda walipita mmoja baada ya mwingine wakimkaribisha. Mwalimu mkuu mstaafu hapandi pikipiki akiwa na gauni jipya, akatanua miguu mbele ya watu aliowafundisha kukaa vizuri. Akasimama kando ya barabara na kilemba chake, akiamini kwamba serikali itapita.

Lililopita ni lori la mkwewe.

Nelson alikiona kilemba tokea mbali. Kwa Wakurya, na kwa watu wa Issenye vilevile, mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani ili mwenzake apite. Lakini anayevuta tela la nondo hawezi kuingia nalo kichakani kwa heshima. Na kumpita mama wa mkeo amekwama porini ni aibu ya aina yake. Akalisimamisha lori mbali kidogo, akashuka, akajificha nyuma ya gurudumu, akamtuma Joel.

Joel ni utingo wake, mtu wa Sirari mwenye ndevu za mvi, anayeamini kwamba hakuna jambo lisilotatuliwa kwa kuongea zaidi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mwambie huyo aliye nyuma ya gurudumu asogee, kivuli chake kinanifikia."

Nelson akasogea na kivuli chake.

"Dereva anauliza kama Mama anaelekea Issenye."

"Dereva gani?"

Joel akaangalia huku na huku. "Si huyu wa hii gari."

"Mwambie afisa kwamba nakwenda Issenye, na watu wananingoja."

"Afisa," Joel akageuka, "unaambiwa kwamba..."

"Nimesikia."

Kusikia kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa mahali pa kumkalisha. Kiti cha abiria kingewaweka bega kwa bega mpaka Issenye. Joel akashauri akae juu ya nondo, kwamba kuna upepo mzuri, na Mama Efrazia akamtazama kama mtoto aliyekuja shule bila shati. Kisha macho yake yakapanda mlangoni, yakaona nyuma ya viti pazia la maua.

"Pale nyuma ya pazia pana nini?"

"Pale Mama ni pahali pa..."

"Pa mizigo," akamalizia yeye. "Vizuri. Nitakaa pale. Hatutaonana."

Nelson akampungia Joel mkono wa kukataa. Nyuma ya pazia ndipo anapolala. Kuonana uso na mama mkwe ni kosa, lakini mama mkwe kukalia kitanda cha mkwe wake ni kosa ambalo watu hushusha sauti wakilitaja.

"Mwambie kile ni kitanda," alisema kwa sauti ndogo.

"Mama, anasema kile ni kitanda."

"Kitanda kina miguu," alisema Mama Efrazia. "Mimi naona rafu."

Hiyo ndiyo faida ya shule. Mtu asiyesoma angebaki na kitanda chake na hofu yake. Nelson alimwagiza Joel atandike turubai safi juu ya godoro, walau shuka zisiguswe, kisha akageuka na kutazama pori huku visigino vikipanda ngazi za lori.

Wakaondoka. Nyuma ya pazia aliketi Mama Efrazia, na nyuma yake, upande wa pili wa bati, zilikuwa ncha za nondo zote, zimeelekea mgongoni kwa mwalimu mkuu mstaafu.

"Joel. Kitu gani hicho kinagongagonga huku?"

"Nondo, Mama. Zinakusalimia."

"Mwambie afisa azinyamazishe."

Walipoanza kuteremka bonde, Nelson aliona vumbi upande wa kulia. Aliachia mafuta, akashusha gia, akaanza kuigusa breki kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu chai kwa mdomo. Kundi la ng'ombe likamwagika barabarani, na mchungaji wao nyuma kabisa akiwa anaongea na simu. Nondo zikatoa mguno mmoja, zikatulia. Lori lilisimama mbele ya fahali mmoja aliyelitazama kwa dharau, kisha akaendelea na safari yake.

Baada ya muda sauti ikatoka nyuma ya pazia, safari hii bila kupitia kwa Joel.

"Umeanza kupunguza mwendo wapi?"

"Pale juu, Mama, kabla ya bonde," Nelson alijibu, macho barabarani.

"Sikuhisi."

Nelson akapandisha gia.

Mtoni ngoma zilikuwa zimeshaanza. Lori liliposimama vigelegele vikapanda, Joel akafungua mlango, na kitu cha kwanza kuonekana na wananchi, kikitoka nyuma ya pazia la maua, kilikuwa kisigino. Vigelegele vikapungua. Ukafuata mguu, gauni, na mwenyekiti wa kamati. Mbele kabisa alikuwa ameketi Bibi Elieth, dada mkubwa wa marehemu Stanslaus, ambaye hasomi lakini hapitwi na kitu.

"Efrazia, umetokea wapi?"

"Bunda, wifi."

"Sikukuuliza mji. Nauliza hapo nyuma."

"Ni mahali pa mizigo."

Bibi Elieth akamgeukia Joel. "Wewe mwenye ndevu. Hapo nyuma hulala nani?"

Joel aliulizwa swali lililonyooka, naye akalijibu. "Dereva."

Watu wakamtafuta dereva. Nelson alikuwa nyuma ya tela, amewapa mgongo kama inavyotakiwa, ameshika mnyororo wa mzigo.

"Si yule mkwe wao, afisa wa bandari?" mtu akauliza.

"Afisa analala ndani ya lori?"

"Labda analilinda."

Kicheko kikapita, lakini Bibi Elieth hakucheka. Alisema kosa la namna hii likifichwa huwafuata watoto, na watoto wanaofuatwa ni wa Irine. Dawa yake ni moja: aliyekalia kitanda aseme mwenyewe, mbele ya watu, kitanda ni cha nani na kiko wapi. Kisha godoro lile lichomwe, naye amnunulie mkwe wake jipya. "Na useme yote. Nusu utakayoibakiza itabaki kwa wajukuu zako."

Hapo katibu wa kamati, kijana mwenye tai na moyo wa huruma, akamwinamia Mama Efrazia. Alinong'ona, ila kwa sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. "Mwalimu, sema tu ni dereva wa kukodi. Humfahamu. Kitanda cha mtu baki hakina mwiko."

Nelson alilisikia hilo huko nyuma ya tela. Ilikuwa njia safi kabisa. Neno alilolitamani miaka yote angelipata, dereva, na papo hapo angekoma kuwa mkwe wa mtu. Mkono wake ukakaza mnyororo aliotakiwa kuulegeza.

Mama Efrazia akamrudisha katibu nyuma kwa kidole. Halafu akanyoosha gauni, akasimama kama anavyosimama mtu mbele ya gwaride la asubuhi.

"Mimi Efrazia, mjane wa Mwalimu Stanslaus, nimekalia kitanda cha mkwe wangu, Nelson Waitara wa Nyamwaga, mume wa Irine. Kitanda hicho kimo ndani ya lori kwa sababu mkwe wangu ni dereva wa lori. Uafisa hajawahi kuwa nao. Niliutunga mimi." Na kwa kuwa hajapata kumaliza hotuba bila tathmini, akaongeza: "Anaendesha vizuri."

Bibi Elieth akaitikia kwa kichwa kuridhika, na ngoma zikarudi. Adabu haikumruhusu Nelson kugeuka wala kujibu. Alibaki anatazama mto.

"Umesikia?" Joel alimwuliza.

"Nimesikia. Fungua upande wako."

Wakalegeza minyororo, na chuma cha daraja kikaanza kushuka. Jioni Nelson alikula ugali ukweni, kwenye nyumba ya wanaume, na kila aliyemkaribisha alimwita dereva, wengine kwa furaha iliyozidi kidogo.

Godoro la zamani lilichomwa siku hiyohiyo. Jipya bado halijafika. Mama Efrazia ameshazunguka maduka yote ya Bunda, na anasema hajaona godoro lenye hadhi ya mkwe wake. Nelson anaendelea kulala juu ya mbao tupu kutoka bandarini mpaka Mara, na hajalalamika.