Difu ya Jumatatu

Siku ile uani kwa Mzee Nnko, Kaloleni, tulikuwepo mimi, mdogo wangu Neema aliyekuwa darasa la sita, kitinda mimba wetu Baraka ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanaota upya, Shabani fundi wa kuchomelea, na Mzee Nnko mwenyewe, mwenye gereji. Nawataja wote, mwanangu, kwa sababu kila mmoja alitia mkono wake katika jambo ninalotaka kukueleza, na nikimwacha mmoja hadithi itachechemea.

Nilikuwa na gari moja tu. Baba ndiye aliyetuachia. Mama naye alipomfuata baba, niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na gari hilo likawa ndilo linalotulisha. Alfajiri nilipanda nalo juu ya Moshono kuchukua maziwa ya ng'ombe kwa kina mama wafugaji, nikirudi nawashusha wadogo zangu shuleni, kisha nateremka mjini kuyagawa migahawani. Lilikuwa gari dogo la Kijapani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Gari la namna hiyo likiangukia mikononi mwa kijana, haliishi bila kumnong'oneza: drifti. Nje kidogo ya mji kulikuwa na uwanja ambako watu walikwenda Jumamosi kuserereka kwenye kona, gari likienda ubavuubavu, vumbi likipanda mpaka Mlima Meru wote hauonekani. Nilikwenda kutazama, nikaonja, nikanogewa. Na bado nimenogewa, sikufichi.

Tatizo lilikuwa difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Gari linapokata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na difu ya kawaida huliruhusu kila moja liende mwendo wake. Barabarani hiyo ni neema. Kwenye drifti inakuumbua, maana ukikanyaga mafuta gurudumu moja linazunguka bure na kuchimba shimo, mwenzake ametulia kama mgeni asiyehusika. Kwa hiyo wenzangu walikuwa wamechomelea. Fundi anafungua difu, anaziunganisha gia za ndani kwa moto, na tangu hapo magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja, utake usitake. Ni kazi ya asubuhi moja, na haihitaji fedha nyingi. Njia nyingine ni difu ya plate, ambayo wengi wanaiita LSD. Hiyo ndani yake mna sahani za chuma zinazobanana unapokanyaga mafuta na kulegea unapoachia. Ni nzuri, lakini ni ghali na kuipata ni kuitafuta. Mimi nilikuwa nimewaahidi wenzangu kwamba Jumamosi ijayo nitaingia uwanjani. Nikaona nichomelee, yaishe.

Shabani alikuwa tayari ameshika miwani yake. "Bosi," akaniambia, "niwashe moto, au umeileta familia ione cheche kwanza?"

Mzee Nnko alikuwa amekaa juu ya tairi anakula ndizi ya kuchoma. Nikamwamkia.

"Marahaba. Hawa nao ni mafundi?"

"Ni wadogo zangu, Mzee."

"Wanapanda gari hili?"

"Kila siku. Ndilo linalowapeleka shule."

"Haya." Akajifuta vidole kwenye ovaroli. "Basi wao ndio watakaosukuma."

Shabani akaweka miwani chini, akacheka. "Mzee ameanza. Hapa kwake hata ukileta kikaango kuchomelea, utaulizwa kwanza nani atakula."

Ua ule ulikuwa na sheria yake, na sijaikuta gereji nyingine. Pembeni lilikaa gari la zamani la Mzee, halina milango, difu yake imechomelewa. Kabla hujachomelea la kwako, unakaa kwenye usukani wa lile bovu na kuukunja mpaka mwisho. Halafu wale wanaopanda gari lako kila siku wanalisukuma hilo bovu lilizunguke tangi la maji. Wengi walikuja peke yao, wakasukumiwa na Shabani huku akiwatania, kisha wakachomelea na kwenda zao salama. Mzee hakuwa na ugomvi nao.

Nikakaa, nikakunja usukani. Kwenye kioo nikamwona Baraka ameweka paji la uso juu ya buti, na Neema ameinama, mikono imenyooka. Gari halikwenda. Shabani akaongeza bega lake. Ndipo likasogea, matairi ya nyuma yakikwaruza ardhi na kuguna.

"Kaka, umeshika breki," Neema akasema.

"Sijashika."

"Basi lenyewe linakataa."

Hatukufika hata nusu ya kulizunguka tangi. Neema aliteleza, kiatu kikamvuka, akapiga goti. Mzee akatuambia tulilete langu. Hilo, usukani ukiwa umekunjwa vilevile, Neema na Baraka walilizungusha bila bega la Shabani, na Baraka akaomba arudie.

Mzee Nnko akaja dirishani kwangu. "Umeona nini kwenye kioo?"

"Neema kiatu kimemvuka."

"Na hapa ni vumbi, gari linakwenda mwendo wa kinyonga. Sasa weka lami. Weka mvua, weka kipilefti, maziwa nyuma na hawa wawili ndani, halafu likatae vivyo hivyo." Akangoja. Nikaunyoosha usukani. "Wewe unataka difu ya Jumamosi kwenye gari la Jumatatu. Angekuwa mwingine ningemwacha. Wewe Mungu amekupa ubaba kabla ya ndevu."

Yaliniuma, mwanangu, kwa kuwa aliyasema mbele yao. Nikainama. Neema, ambaye alikuwa anafuta goti lake, akanitetea: "Mzee, usimgombeze. Na kupika ni yeye."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi akanionyesha lile bovu. "Jumamosi liburute mpaka uwanjani, ukacheze nalo. Likikata ekseli, limekata. Hakuna mtoto atakayechelewa shule."

Ndivyo nilivyoingia uwanjani, na gari lisilo na milango, na wenzangu walinicheka kabla sijaanza kuserereka, siyo baada.

Ile difu ya plate niliipata baadaye, palepale uani. Mzee alikuwa nayo chini ya gunia, ameitoa kwenye gari lake la ujana. Niliifanyia kazi za gereji mpaka akaridhika, akanifungia kwa mikono yake. Alipokaza nati ya mwisho akasema: "Imebaki kitu kimoja. Siku moja utanipakia uwanjani, unizungushe, nami nione. Lakini siyo sasa. Sipandi drifti na mtu ambaye watoto wanamsubiri nyumbani. Baraka akimaliza masomo, nitakuja kudai."

Sasa vijana mnakuja kwangu Moshono na swali lilelile, na wengine mnataka niseme kuchomelea ni dhambi. Siyo dhambi. Kama gari ni la uwanjani tu, linakwenda kwa kuvutwa na kurudi kwa kuvutwa, chomelea kwa fundi anayejua moto wake, na uwe na ekseli ya akiba. Utapata gari lisilokubadilikia katikati ya kona. Lakini kama gari hilohilo linabeba mama yako kwenda ibadani au linakutafutia riziki, vumilia mpaka upate ya plate. Ukishaipata, itunze. Ipe oili yake, siyo oili yoyote, na ikianza kulalamika kwenye kona za polepole usiizibie masikio kwa redio. Kabla ya yote hayo, usiniulize wenzako wamefunga nini. Niambie Jumatatu asubuhi nani anakaa kiti cha nyuma, nami nitakwambia ufunge nini. Na ukikemewa mbele ya unaowalea, pokea. Huenda ndipo watakapokuonyesha wanavyokupenda.

Mungu akupe uwanja mpana, mwanangu, na akurudishe nyumbani magurudumu yote manne yakiwa chini.

Neema sasa ni mwalimu. Baraka amehitimu chuo kule Makumira, na kwenye sherehe yake Mzee Nnko alikuja na fimbo, akalizunguka gari langu, akainama kulichungulia chini. "Watoto wamekwisha kusoma," akaniambia. "Deni langu." Mkewe akamuuliza ni mgongo upi anaotaka kwenda nao huko. Wamekubaliana tungoje masika yapite na uwanja ukauke. Mto wa mgongo nimeshauweka kwenye kiti cha kushoto. Mvua bado inanyesha.