Mama Doto

Leo mama amekataa kuitwa kwa jina langu.

Kwa msiotujua, mimi ni Doto. Pacha wangu Kulwa alifukiwa na kifusi machimboni mwezi uliopita. Tangu tumzike, mtaa mzima hapa Kalangalala umeacha kumwita mama "Mama Kulwa". Wanaogopa kumtonesha.

Asubuhi tuko gengeni, akaja jirani yetu Mama Neema.

"Shikamoo, Mama Doto."

Mama anaendelea kupanga nyanya zake.

Mama Neema akarudia. Nikajua hajasikia, nikamgusa bega.

Akageuka taratibu. "Marahaba, mwanangu. Hivi Doto si yule anayezaliwa nyuma ya Kulwa? Sasa mkimwondoa Kulwa, huyu wangu alimfuata nani?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Neema akaweka kikapu chini. Machozi yakamtoka.

"Nisamehe, Mama Kulwa."

"Abee," mama akaitika. Upesi, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuitwa siku zote hizi. Kisha akampimia nyanya, akamwongezea mbili.

Mtakaopita gengeni kesho, tafadhali mwiteni Mama Kulwa.

Mimi bado ni wa pili.