Hesabu za Ng'ambo ya Ruvuma

Sabra hubangua korosho huko Ziwani, kusini karibu na mpaka, na vidole vyake vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Alizaliwa Kionga, upande wa Msumbiji, akavushwa Ruvuma akiwa darasa la tatu, vita vilipowakimbiza. Huku, kwa kuwa alikuwa amesoma Kireno tu, walimu walimrudisha la kwanza. Wenzake darasani walimfika kiunoni. Kila asubuhi mmoja wao alimwamkia, "Shikamoo, bibi," na darasa zima likacheka. Alivumilia hadi alipoingizwa unyagoni likizo ya Desemba. Shule ilipofunguliwa hakurudi, wala hakuna mwalimu aliyekuja kumuulizia.

Miaka ya karibuni vita vingine vimemletea Aisha, binti wa mdogo wake, kutoka Palma. Kule Aisha alikuwa amemaliza darasa la nne. Sabra alimpeleka shuleni akiwa na ombi moja tu: mtoto asianzishwe la kwanza.

Mwalimu Veronika, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa kusini, aliwapokea vizuri. Alisema hawezi kumweka mtoto darasa asilolimudu, akampa Aisha karatasi ya hesabu za kugawanya. Aisha alizimaliza upesi. Mwalimu alizitazama, akakunja uso. Namba ya kugawanyia ilikuwa kulia badala ya kushoto, na jibu lilikuwa chini yake badala ya kuwa juu. Akatia alama za kukosa kuanzia juu hadi chini, akaeleza kwa upole kwamba binti hajui hata kupanga namba, ni heri aanze mwanzo.

Aisha hakufuata Kiswahili chote, lakini alama alizielewa.

Shuleni pale mwanafunzi akisikika akisema Kimakonde, huchapwa. Fimbo ilikuwa juu ya kabati. Sabra aliitazama kabla ya kufungua mdomo.

"Mwalimu, kule tunagawanya hivyo. Muulize kwa mdomo, nitamwambia kwa Kimakonde."

"Kimakonde humu ofisini?"

"Humu humu. Ukitaka kuchapa, nichape mimi, nimeshazoea."

Veronika alicheka bila kutaka. Akauliza machungwa mia moja hamsini na sita wakigawana watoto kumi na wawili, kila mmoja anapata mangapi. Sabra akatafsiri. Aisha akatazama dari, akajibu kumi na tatu. Mwalimu akamwongezea swali jingine, gumu kuliko lile, kisha akaigeuza karatasi na kuanza kuisahihisha upya, taratibu, kama anayesoma mwandiko wa mgeni.

Nimewahi kumuuliza Sabra ni wapi mtoto anatunzwa zaidi. Palma, alisema, akina Aisha walisoma kwa zamu, na mwalimu asipofika walirudi nyumbani, ila hakuna aliyeruhusiwa kuwapiga. Huku mwalimu yupo, na fimbo ipo. "Nilipokuwepo shuleni walinifuata na fimbo," alisema. "Nilipoondoka hawakunifuata na chochote."

Mwishowe Veronika alisema Aisha atarudia la nne, ili akishike Kiswahili kabla ya mtihani wa taifa. Sabra hakubisha. Aliuliza tu watoto wa darasa hilo wana urefu gani.

"Kama yeye, mama. Wengine wamempita."

Sabra akamwachia Aisha mkono. "Haya, mfuate mwalimu," akamwambia, kwa Kimakonde.