Msaragambo wa Baba Korongoni

Baba yangu Nathanaeli hakuwahi kupanda hata baiskeli, sembuse pikipiki. Alikuwa mkulima wa Vudee, juu ya Same, mtu wa kahawa na mifereji, na miguu yake ilizoea mteremko kiasi kwamba akishuka tambarare alijikwaa pasipo na kitu. Mtu huyo ndiye aliyejikuta, mwaka wa hamsini na tatu, mzazi wa kijana anayeshindana kwa pikipiki. Nikisimulia watu hucheka. Mimi ni binti yake, Dorkasi, nilikuwepo, na sijawahi kucheka.

Nianze na vumbi. Kaka yetu mkubwa, Fanueli, alifanya kazi kwenye shamba moja la mkonge kule chini, katika chumba cha brashi, ambako nyuzi zilizokauka husuguliwa mpaka zing'ae. Vumbi lake ni jepesi, jeupe, likiingia kifuani halitoki. Baada ya miaka mitatu Fanueli aliletwa nyumbani kwa machela, akakohoa msimu mzima wa mvua, tukamzika. Ungedhani tumekoma. Lakini Hezroni, anayemfuata Fanueli, alikwenda akaweka dole gumba kwenye mkataba wa shamba lile lile, miaka miwili, bila kumwambia mtu, eti kwa sababu rafiki zake walikuwa wamekwenda. Akapangiwa chumba kile kile. Siku zile ukitoroka mkataba unafuatwa na askari, unafungwa, na ukitoka unarudishwa kazini. Nilimkasirikia Hezroni kwa upumbavu wake mpaka mwezi wa nne wa mkataba, alipoanza kukohoa. Hapo hasira ikaniisha, nikaogopa.

Mama alikunja blanketi la Fanueli, akaliweka darini ambako halionekani.

Basi ikaja habari ya utarishi. Meneja wa shamba, Mgiriki mmoja mnene, alitaka tarishi wa kupeleka barua na dawa kwenye shamba lake la pili, na njia ya kwenda huko ilikuwa mawe matupu. Huyu meneja na wenzake walikuwa na mchezo wao wa pikipiki. Si mbio. Unapewa korongo lenye mawe, mizizi na kokoto, limewekewa vitambaa vyekundu pande zote mbili, unapita katikati yake polepole bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa mara moja, alama moja ya kosa. Ukianguka, tano. Mwenye makosa machache ndiye mshindi. Meneja akatangaza kwamba vijana sita watajaribiwa hivyo, na atakayeshinda atatolewa kazini kwake, awe tarishi.

Hezroni alikuwa mmoja wa sita. Jumapili alizoea kumsaidia Swalehe, fundi wa gereji ya shamba, na Swalehe alikuwa amemruhusu kupanda pikipiki ili ajaribu breki. Kumbe kijana ana kipaji. Anasimama juu ya vikanyagio, pikipiki karibu imesimama, na haanguki.

Baba aliposikia, alimwambia mchungaji kwamba hataonekana kanisani Jumapili tano. Yeye mzee wa kanisa! Kila Jumapili alitoka alfajiri, nami nyuma yake na kapu la makande, tukashuka mpaka korongoni, umbali mfupi kutoka stesheni ya Same. Siku ya kwanza, pikipiki ilipoguruma, baba alisimama juu ya ukingo akapaza sauti, "Kimbiza, mwanangu! Kimbiza!"

Swalehe alicheka mpaka akashika magoti. "Mzee wangu, hapa hatukimbizani. Aende polepole, miguu juu."

"Kama ni polepole," baba akauliza, "si angetembea tu?"

Lakini alijifunza, maskini. Jumapili ya pili aligusa bomba la moshi kwa kigimbi, akaungua, akarudi nyumbani anachechemea na jani la mgomba mguuni. Jumapili ya tatu alijua tayari kwamba kabla ya kupanda pikipiki ni lazima kupita korongo lote kwa miguu, jiwe kwa jiwe, na kuamua gurudumu litapita wapi. Walikwenda pamoja, yeye na Hezroni, wameinama kama watu waliopoteza sindano. Hezroni akimaliza mzunguko anakohoa, na baba anaishikilia pikipiki mpaka kikohozi kiishe. Alikuwa akiangalia pembeni. Nilijua anahesabu miezi ya Fanueli.

Palikuwa na jiwe moja karibu na mwisho, kubwa, mviringo, limezama kwenye kokoto tangu enzi na enzi. Hezroni alianguka pale Jumapili tatu mfululizo.

"Ni hili tu linalokusumbua?" baba aliuliza.

"Ni hili, baba."

Jumapili ya tano alilipanda mara mbili safi, bila kugusa chini. Swalehe akaniambia wengine wote watalizunguka na wataweka mguu chini, ila Hezroni atapita juu yake, na hapo ndipo atakapowaacha. Baba hakusikia. Alikuwa ameinama analisukuma jiwe lile kwa kiganja, kuona lina uzito gani.

Sasa sikilizeni alichofanya baba yangu. Kwetu Upareni njia ikiharibika hatumsubiri mtu. Pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, tunakwenda msaragambo, jioni njia imepona. Hivyo ndivyo mifereji yetu ilivyochimbwa, hivyo ndivyo barabara ya kanisa ilivyotengenezwa. Mtu aliyekuwa na jiwe njiani akalalamika badala ya kuliondoa, tulimwona mvivu. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi baba alipiga pembe.

Tulishuka watu ishirini na watatu. Mjomba Eliezeri alibeba mtaimbo. Shangazi Honorata alibeba sufuria ya makande, na mimi nilipewa mawe madogo, niyapeleke ukingoni kwa karai. Shambani walikuwa kazini wote, Hezroni kwenye brashi, Swalehe gereji, hapakuwa na wa kutuuliza. Tuliimba. Kwa kweli ilikuwa siku nzuri, sijaona baba akiwa na furaha vile tangu Fanueli afe. Jiwe kubwa lilitaka watu sita na mtaimbo. Lilipong'oka, baba alifukia shimo lake kwa udongo, akalishindilia kwa miguu.

"Hata watoto wa wenzetu watapita vizuri," alisema. Hakufikiri kumdhulumu mtu. Alifikiri wote sita watapita, na mwanawe atapita zaidi, kwa kuwa ndiye bora.

Jumamosi tulirudi watu wanane kuangalia. Meneja alikuja na gari, na Wazungu wenzake wanne, na viti vya kukunja. Akashuka mpaka korongoni na kikaratasi chake cha alama, akasimama. Vitambaa vyekundu vilikuwepo, katikati yake palikuwa na njia laini ambayo ungepitisha mkokoteni.

"Nani fanya hii?" aliuliza.

Baba alivua kofia. Alisogea mbele kabisa, kifua mbele, kama anayeitwa kupokea shukrani. "Ni sisi, bwana. Tumefanya msaragambo. Njia ilikuwa mbaya sana, sasa ni nzuri."

Wazungu walicheka. Meneja hakucheka. "Wewe baba ya nani?"

"Wa Hezroni, bwana."

Nilimtazama Hezroni. Alikuwa amesimama karibu na pikipiki, na nikaona amekwisha kuelewa kila kitu, naye Swalehe ameziba uso kwa mikono. Meneja akatoa kalamu, akapiga mstari kwenye karatasi. "Hezroni basi. Mwizi."

Hapo ndipo baba alipoelewa. Sijui aliyaelewaje yote kwa mara moja, lakini uso wake ulibadilika rangi, na yule mzee wa kanisa akapiga magoti kwenye kokoto mbele ya Mgiriki. "Bwana, kosa ni langu. Kijana hakujua. Jana alikuwa kazini kwako, muulize nyapara. Mpige mimi, bwana." Alichanganya maneno. Niliona haya, kisha nikaona haya kwa kuona haya.

Nyapara Iddi akathibitisha kwamba Hezroni alikuwa kwenye brashi kutwa nzima. Meneja akatazama saa yake. "Masaa mawili," akasema. "Rudisha yote. Pale pale."

Tukarudisha. Watu wanane, jua la utosi, mawe yaliyotolewa na watu ishirini na watatu. Wazungu walikunywa chai chini ya turubai wakitutazama. Hezroni alituonyesha, "Hili kushoto, hili lilitazama huku," anakohoa, ananyosha kidole. Alikuwa anayajua yote. Mjomba Eliezeri alichoka akakaa chini. Baba hakukaa. Mawe ambayo jana yalibebwa na wawili aliyabeba peke yake, mikono inavuja damu, shati limechanika begani. Jiwe kubwa tulilibingirisha sote mpaka mahali pake. Mimi ndiye niliyelichomekea vijiwe chini lisiyumbe, na kokoto pembeni, nikazishindilia kwa mikono yangu. Likaonekana vile vile lilivyokuwa.

Wakaanza. Watano walitangulia, na aliyefanya vizuri kuliko wote alikuwa Tumainieli, kijana wa Kihurio, aliyegusa chini mara mbili. Wote walilizunguka lile jiwe, kama Swalehe alivyosema.

Hezroni akawa wa mwisho. Aligusa mara moja tu, kwenye mizizi, mwanzoni kabisa. Baada ya hapo alipita kwenye mawe yale kama anapita sebuleni kwao, amesimama, magoti yamelegea, macho mbele. Baba alitembea sambamba naye ukingoni, midomo inacheza, anaomba. Mzungu mmoja akainuka kitini. Likabaki jiwe. Angeweza kulizunguka, aguse mara moja, wawe sawa na Tumainieli, warudie. Lakini yeye alilijua jiwe lile, alikuwa na njia yake juu yake, na akaelekeza gurudumu pale pale alipofundishwa.

Jiwe likabingirika.

Pikipiki ililala upande, na Hezroni chini yake. Hakuumia. Alikaa kwenye kokoto anakohoa, anakohoa, na baba akawa wa kwanza kumfikia. Hezroni hakumlaumu. Alilitazama lile jiwe, akasema neno moja ambalo hata leo likinijia nikiwa shambani naweka jembe chini. "Lilikuwa limekaa, baba," alisema. "Siku zote lilikuwa limekaa."

Meneja aliandika tano. Tumainieli akapigiwa makofi, na kwa nini asipigiwe, alikuwa na mama yake naye.

Tulikuwa tunakusanya makarai, hakuna anayemtazama mwenzake, nyapara Iddi alipokuja. "Mzee," alimwambia baba, "bwana anauliza una miaka mingapi."

Baba alikuwa na hamsini na mbili. "Arobaini," akasema.

"Anasema mtu anayebeba mawe namna ile anafaa kubeba nyuzi. Ukitaka kazi, ipo."

Baba alijifuta damu ya viganja kwenye suruali. "Akinichukua mimi," aliuliza, "atamwachia huyu?"

Hatukuwahi kufikiri kwamba jambo kama hilo linaulizika. Iddi alikwenda kwenye turubai, akainama, akarudi. "Anasema yeye anahesabu mikono, hahesabu majina. Kijana anakohoa sana siku hizi, kazi yake imepungua. Lakini ni chumba hicho hicho, mzee. Brashi. Na ni miezi yote iliyobaki, kumi na minne."

"Baba, sikubali," alisema Hezroni. "Mkataba ni wangu. Niliuwekea dole mwenyewe."

"Nyamaza."

"Baba, nakuomba. Na kaka Fanueli je?"

Baba alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga tangu awe mkubwa, na hakumpiga kwa nguvu, mkono wenyewe ulikuwa umechubuka. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati la mwanawe, akatoa kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, akamkabidhi Iddi. "Zamu yetu ya maji ni Jumanne," alimwambia Hezroni. "Usichelewe mferejini, watu wa chini watakufungia." Akatafuta kofia yake, akamfuata Iddi bila kuaga.

Mimi na Hezroni tulipanda mlima na mjomba na shangazi. Mama alikuwa kizingitini. Alituhesabu kwa macho, akatuhesabu tena, kisha akauliza mwenzetu yuko wapi. Nilimwambia mimi, kwa sababu Hezroni hakuweza.

Mwezi wa tatu tangu baba aingie kazini nilishuka na makande. Nilisubiri nje ya chumba cha brashi mpaka kengele ya chakula, wakatoka watu weupe kwa vumbi, nyusi nyeupe, kope nyeupe, na sikumtambua baba mpaka aliposimama mbele yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hezroni bado anakohoa?"

"Ameacha, baba. Wiki ya pili sasa."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

Alifurahi, nilimwona alivyofurahi, akataka kusema kitu, kikohozi kikamkatiza. Kilikuwa kirefu. Kilipokwisha alipokea kapu, akala akiwa amesimama, akanirudishia bakuli, na kengele ilipogonga akaingia ndani.