Niliyoyaandika Ndani ya Jalada

Mimi nimesoma vitabu vya vijana vya mizimu kuliko mtu yeyote kati ya Buhongwa na Bukoba, na anayebisha aje na vyake tuvipange chini tuhesabu. Nina miaka arobaini na moja. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka kumi na minne, na hilo halijawahi kunisumbua. Watu wazima kwenye vitabu vya watu wazima kazi yao ni kugombania viwanja na waume. Lakini msichana wa kidato cha pili ambaye leo amegundua kwamba babu anayemsalimia kila asubuhi njiani alizikwa kabla yeye hajazaliwa, huyo ana shida ya maana.

Ugonjwa huu niliupata masomo ya jioni. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na nne, katika darasa ambalo mchana lilikuwa la watoto wa darasa la pili, magoti yangu yakigonga dawati kama ngoma. Mwalimu wa Kiswahili alitwambia kila mtu alete kitabu chochote, akisome, aje akisimulie. Nikapita stendi ya Nyegezi, nikaokota kimoja chembamba kwenye turubai la muuza vitabu: msichana amezama ziwani, amerudi nyumbani amelowa, anakula, anaoga, anaenda shule, na yeye ndiye mtu pekee asiyejua kwamba amekufa. Nilikisoma nikiwa kwenye cherehani. Siku hiyo nilishona mkono wa shati la mtu kwenye mfuko wa suruali ya mtu mwingine, na sikujali.

Tangu hapo nimekuwa mfuasi. Waandishi wenyewe ni vijana, wengine bado wako chuo, wanatoa hadithi simu kwa simu, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, wanakukatia pale pale mlango unapofunguka. Wakipata nguvu wanachapa kitabu. Wakiweka picha ya jalada na neno "kinakuja", mimi nahesabu siku kama mjamzito. Wateja wangu wanajua suruali zao hazijaisha, na wanajua pia kwamba mwezi ujao kinatoka kile cha kijana anayeitika jina lake kwenye mahudhurio wakati kaburi lake lina majani.

Kazi yangu kubwa ni sare za shule moja ya bweni ya wasichana, iko juu ya mawe kule Nyegezi, ukisimama uwanjani unaliona ziwa lote. Wasichana walikuwa wakija kupimwa sketi, mdomo wangu haukai kimya, ndipo uazimishaji ulipoanza. Nikaweka na utaratibu: ukimaliza kitabu, ndani ya jalada unaandika jina lako, na neno moja kwa atakayefuata. "Usisome ukiwa peke yako." "Kaka mtu ni mwongo." Kitabu kikizunguka muhula mmoja, jalada lake ndani linakuwa kama ukuta wa choo cha stendi. Mimi huanza, kwa sababu mimi ndiye mwenye mali.

Kitabu kilichotuletea balaa nilikisubiri miezi mitano. Kinahusu msichana aliyesahauliwa na rafiki zake, sasa anakuja kukaa ukingoni mwa vitanda vyao, hasemi kitu, anakaa tu. Nilikimaliza siku moja. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika ndani ya jalada: "Wewe unayesoma, ukifika ukurasa wa tisini atakuja kukaa kitandani kwako. Hataondoka mpaka umpe mwenzio kitabu hiki." Nilicheka mwenyewe. Kwangu lile lilikuwa tangazo la biashara, namna ya kuwafanya wasikikalie kitabu. Jina sikuandika, mwandiko wangu wasichana wote wanaujua.

Wa kwanza kumpa alikuwa binti wa jirani yangu. Tunapanga ua mmoja Buhongwa. Mama yake, mtu wa Mara, anafua mashuka ya hospitali, mikono yake imekuwa myeupe kwa dawa. Binti ananiita anti. Yuko kidato cha nne, na mwaka huu mama alijikamua akamweka bwenini ili asome kwa utulivu. Akakisoma, akaandika jina lake chini ya maneno yangu, akampa rafiki yake wa kitanda cha juu.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, yule rafiki alianguka bwaloni akipiga kelele. Kabla hajainuliwa, wa pili akaanguka. Mpaka Jumatatu walikuwa tisa. Huku kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa, shule za wasichana zina siku hizo, tunasema mapepo yamepanda. Wazazi walikuja kuchukua watoto, wachungaji wakaitwa, magodoro yakapekuliwa. Chini ya godoro la yule aliyetangulia kuanguka kikatoka kitabu changu, na ndani yake maneno mekundu, na chini ya maneno mekundu jina moja tu.

Jumatatu hiyo jioni, yule jirani yangu alinikuta nakata kitambaa. Alikuwa na barua mkononi, binti amesimama nyuma yake na godoro kichwani.

"Fundi, wanasema mwanangu ameingiza kitu shuleni. Wanasema ameandika maneno ya kuita."

"Maneno gani?" nikauliza, na huku najua.

"Hataki kusema. Wametwita Alhamisi. Mtihani wiki tano, Fundi. Wakimfukuza sasa atafanyia wapi? Tafadhali twende wote, wewe unajua kuongea."

Mimi, ninayejua kuongea, nikasema sawa, tutakwenda. Basi. Mkasi ulikuwa mkononi na sikukata chochote.

Nieleze kwa nini, ingawa maelezo hayanisafishi. Shangazi yangu alikuwa na macho mekundu kwa sababu alikausha samaki kwa moshi maisha yake yote. Kijijini mtoto wa jirani akaumwa, mtu mmoja akasema neno moja, na shangazi akaondoka na ndoo na blanketi, akaenda kufia kisiwani kwa watu baki. Usukumani neno mchawi halikai kitabuni. Na mimi ni mwanamke asiye na mume, anayeishi peke yake na masanduku mawili ya vitabu vya wafu. Naongeza chumvi kwenye kila kitu, lakini hilo siongezi.

Siku tatu nilimkwepa yule mtoto katika ua wenye milango minne, na hiyo ni kazi. Akitoka kuchota maji, mimi naingia ndani. Mara moja akanisimamia dirishani.

"Anti."

"Mwanangu, nina kazi nyingi hapa mpaka zinanipanda kichwani."

Akasubiri kidogo, akaondoka. Nikajua ananikingia. Nikajua pia kwamba ninamwachia anikingie.

Alhamisi tukapanda kule juu. Ofisini alikuwepo mkuu wa shule, matroni, na mzee mmoja mstaafu anayewakilisha wazazi. Kitabu kilikuwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na juu ya mfuniko Biblia. Siku nyingine ningecheka mpaka nikojoe.

Tukawaamkia, tukakaa. Mkuu akaongea na mama kwa upole. "Mama, sisi hatumfukuzi mtoto. Lakini wazazi wa wale tisa wamesema, huyu akirudi bwenini, wao wanawaondoa wa kwao. Tunataka ukweli tu."

Matroni akafunua ndoo, akakitoa kitabu kwa ncha ya kitenge, akayasoma maneno yangu kwa sauti. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, na hata mimi niliyeyaandika mgongo ulinisisimka.

"Hayo ni maneno ya mtu mzima," mzee akasema. "Binti, nani alikupa?"

Binti akaangalia sakafu.

"Mjibu mzee," mama yake akasema.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mama."

Mama hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, na ile mikono myeupe ikabaki mapajani, kama hayakuwa yake.

"Nimeandika mimi," nikasema.

Mkuu akanigeukia. Tunafahamiana miaka, na anaufahamu ulimi wangu. "Fundi, leo siyo siku ya utani."

"Siyo utani, madamu."

"Mwaka jana uliniambia umeshona sketi mia mbili kwa siku mbili."

"Zilikuwa arobaini."

"Ukaniambia cherehani ilishika moto."

"Ilitoa moshi kidogo."

"Anamwonea huruma mtoto," matroni akasema. "Wanakaa ua mmoja hawa."

Sijawahi kutamani kuaminiwa kama dakika ile. Ahadi zangu zote za "kesho asubuhi utakuta tayari" zilikuwa zimekaa pale ofisini kama mashahidi. Nikaomba kalamu nyekundu. Nikaandika yale maneno tena kwenye karatasi ya shule, mwandiko wangu ni ule ule, nyayo za kuku mwenye haraka. Wakaweka karatasi kando ya jalada. Matroni akaangalia, akamsogezea mkuu. Mkuu akaangalia muda mrefu.

Mzee akavuta kiti chake nyuma, mbali na mimi. Ilikuwa kidogo tu, kama inchi mbili. Mimi napima watu kila siku, inchi mbili nazijua.

Nikawaeleza: ni kutangaza kitabu, ni kama mama ntilie anavyokwambia pilipili hii utaota ndevu. Hakuna aliyetabasamu. Mkuu akauliza, "Kwa nini hukusema Jumatatu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nikakiangalia kile kiti cha mzee.

Wakatutoa nje, wakatuita tena. Binti atarudi darasani kesho na mtihani atafanya, ila atalala nyumbani. Kitabu kitachomwa. Na mimi nisiingie tena ndani ya geti, sare nitaletewa vipimo vimeandikwa. Nikasema asante. Mama akasema asante pia, lakini siyo kwangu.

Nje, mama alitangulia. Binti akabaki nyuma na mimi, na nikaona ndiyo nafasi yangu. "Mwanangu, nisamehe. Umenikingia siku zote hizi na mimi nimejificha kama panya."

"Sikukukingia wewe, anti."

"Ila?"

Alikuwa akibandua chokaa ya ukuta kwa kucha. "Nilipofika ukurasa wa tisini alikuja. Alikaa miguuni, godoro likabonyea. Siku ya pili nikampa rafiki yangu kitabu ili aondoke kwangu. Nilijua nafanya nini. Halafu akaanguka yeye." Akabandua kipande kingine. "Ningesema ni wewe uliyeandika, wangeniuliza nani aliyempeleka kwa mwenzangu. Ni mimi niliyempeleka."

"Lakini mwanangu, mimi nilitunga. Nilikaa kwenye cherehani nikatunga."

"Najua ulitunga. Lakini alikuja."

Mama alikuwa amesimama, amesikia. Akamshika mwanawe mkono, akamgeuza, na tukaenda watatu mpaka chumba cha wagonjwa, kabla mtu wa getini hajakumbuka kwamba mimi nimekatazwa. Yule rafiki alikuwa barazani, ana blanketi mabegani, anamenya chungwa.

"Shikamooni," akasema.

Mama akamuuliza moja kwa moja, kile kitabu kilimfanya nini.

"Kitabu?" Akafikiri. "Mimi sijafika hata ukurasa wa kumi na tano, mama. Sina muda wa kusoma hadithi. Siku ile nilikuwa nawaza hesabu, nimepata sifuri mtihani wa majaribio, baba alikuwa hajajua. Moyo ukaanza kukimbia, nikasikia siwezi kuvuta hewa. Nilipozinduka nimezungukwa na watu wanakemea." Akampa mwenzake nusu ya chungwa. "Na wewe umefukuzwa kweli?"

"Hapana. Nitalala nyumbani."

"Bora yako. Huku ni maombi mpaka masikio yanauma."

Wakacheka kidogo, wakakumbatiana, na mimi nikadhani imekwisha. Ningemaliza hapa kama ingekuwa hadithi ya wale vijana wangu. Tulipokuwa tunashuka kati ya mawe, binti akasema, bila kumwambia mtu, "Anasema hivyo ili mimi nisiogope."

Mama akasimama. Tangu ofisini hakuwa ameniangalia usoni. Sasa akaniangalia. "Wewe ndiye uliyeandika. Mwambie."

Nikamwambia. Nikasema, hakuna mtu. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyekwenda kwa mwenzio, godoro lilibonyea kwa sababu ni la sponji na limechoka, na ulikuwa na usingizi na hofu ya mtihani. Maneno ni yangu, niliyaandika nikiwa na furaha, yasingeweza kumwita hata paka. Nilisema polepole, bila punje ya chumvi. Na nikaisikia sauti yangu, ikatoka kama ya fundi anayesifia kitambaa anachojua kitapauka kikifuliwa mara moja.

"Sawa, anti," binti akasema, ile sawa wanayowapa watu wazima ili waache kuongea.

Mama akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. "Rudia," akasema.

Nikarudia.